Apu imechelewa, na aliyelipwa hapokei simu

"Tuko kwenye hatua za mwisho, Hajji." Ukiupata ujumbe huo mara moja, ni habari njema. Mfanyabiashara mmoja wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla jijini Kampala, aliyenionyesha simu yake amekuwa akiupata, kwa maneno karibu yaleyale, tangu kabla ya Ramadhani, na Idi zote mbili zimeshapita. Hakuomba makubwa. Alitaka wateja wake wa miji ya karibu na mipaka, Arua, Malaba na Mutukula, waone bei za siku, waagize katoni zao, walipe kwa simu na wajue lori limefika wapi. Nusu ya pesa ameshatoa. Alichopewa hadi sasa ni faili moja kupitia WhatsApp. Ukilisakinisha, linafunguka na nembo ya duka, nafasi ya kuandika namba ya simu, na kitufe kizuri cha kijani ambacho ukikibonyeza hakuna kinachotokea.

Kitufe angeweza kukivumilia. Lakini simu zake hazipokelewi, jumbe zake zinapata tiki mbili za buluu na kuishia hapo, huku stetasi ya kijana huyohuyo ikibadilika kila asubuhi: leo picha ya ofisi mpya mtaa wa Ntinda, kesho anapeana mkono na mteja mwingine mbele ya kompyuta.

Malalamiko ya namna hii yamejaa Kampala, na maelezo yanayotolewa huwa ya tabia: vijana wa kompyuta ni matapeli, hawana adabu, wakishashika pesa wanaingia mitini. Matapeli wapo, na sitawatetea. Ila tapeli halisi hakodi ofisi, haandikishi kampuni kwa msajili wa serikali (URSB), wala halipi mishahara. Wengi wa hawa wanaotupiga danadana wanaijua kazi yao, na siku walipopokea pesa walikuwa na nia ya kuifanya. Mimi naona kimya chao kinatokana na namna tunavyowalipa. Malipo yasipobadilika, hakuna mkataba mrefu wala ukali wa simu utakaokiondoa.

Fanya hesabu. Tuseme kazi ya Hajji imekubaliwa kwa shilingi milioni 12, nusu mwanzoni na nusu siku ya kukabidhi, kama ilivyozoeleka. Milioni 6 zinaingia. Kodi ya ofisi inadai. Intaneti inadai, na tangu Julai 2021 inabeba ushuru wa asilimia 12. Yaka, umeme wa kulipia kabla, inadai (kampuni ya Umeme imeondoka Machi 2025 na ya serikali, UEDCL, imeingia, lakini yaka ni ileile). Vijana wawili wanaoandika msimbo wanataka mshahara mwisho wa mwezi, na mwenye kampuni ana ada za watoto. Miezi miwili, pesa kwisha. Kazi iko katikati, pengine imevuka kidogo.

Sasa mtazame alipo. Kumaliza apu ya Hajji kunahitaji mwezi na nusu wa mishahara ambayo hana. Milioni 6 zilizobaki atazipata mwisho wa huo mwezi na nusu, tena Hajji akiridhika, na Hajji si mtu wa kuridhika upesi. Wakati huohuo mlangoni amesimama mteja mwingine na milioni 5 taslimu, anataka apu ya SACCO. Atafanyaje? Atazichukua, hata mimi ningezichukua. Na akishazichukua, wale vijana wawili wanahamishiwa kwenye kazi ya SACCO, kwa sababu mteja mpya ndiye anayepiga simu kila asubuhi, ndiye mwenye imani bado, na ndiye atakayewaletea wateja wenzake akifurahi. Apu ya Hajji inawekwa kando "kwa wiki mbili tu". Miezi miwili baadaye pesa ya SACCO nayo imekwisha, na mlangoni kuna mwenye shule ya bweni kutoka Mukono.

Kampuni inaishi kwa kukopa huku kulipa kule, isipokuwa wanaokopwa hawajui kwamba wamekopesha.

Kimya kinaanzia hapo. Hakuna aliyekaa akaamua kumtesa Hajji. Shida ni kwamba ukweli hausemeki: "Pesa yako iliisha, vijana wako kwa mtu mwingine, nitakurudia nikipata mwanya." Nani atamtumia mteja ujumbe wa namna hiyo? Basi unatungwa uongo mdogo, kwamba tunasubiri seva, kwamba mmoja wa vijana anaumwa malaria. Uongo wa pili unahitajika kuulinda wa kwanza. Ukifika wa tano simu haipokelewi tena, maana kuipokea ni kulazimika kutunga wa sita papo hapo, mteja akisikiliza.

Mteja naye hujifariji kwamba nusu iliyobaki ndiyo rehani yake: bila kazi, hapati. Rehani hiyo haina uzito anaoudhania. Kufikia mwezi wa sita mwenye kampuni ameshaifuta kichwani mwake milioni 6 ya Hajji. Anajua kuna ugomvi unaoisubiri, kuna marekebisho yasiyo na mwisho, kuna pengine kudaiwa arejeshe hata ile ya kwanza. Milioni 5 za mtu mpya asiye na kinyongo ni tamu kuliko milioni 6 za mtu aliyekasirika. Kwa hiyo kila siku Hajji anapozidi kukasirika, thamani ya rehani yake inazidi kushuka. Anapiga simu kwa hasira akidhani anaisukuma kazi mbele, kumbe anaisogeza nyuma ya foleni.

Kuchelewa kwenyewe ni jambo jingine, na hapa nitawatetea kidogo. Kazi ya programu hukadiriwa vibaya kila mahali duniani. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 wa IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Wapya lazima wafundishwe, na wa kuwafundisha ni walewale waliokuwa wakiifanya kazi. Hajji anapofoka "ongezeni vijana!" na mwenye kampuni akaitikia "sawa mzee", wote wawili wamekubaliana kuharibu. Na kuna yetu ya hapa nyumbani. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini wakati wa uchaguzi. Aliyekuwa na tarehe ya kukabidhi wiki ile hakuwa na la kufanya.

Lakini kuchelewa kwa haki kuna sura yake, na mteja anaweza kuitambua bila kujua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Chukua malipo kwa simu, kitu ambacho karibu kila apu ya biashara Uganda inakitaka tangu MTN ilipoleta huduma ya pesa kwa simu mwaka 2009. MTN huwapa watengenezaji uwanja wa majaribio ambamo hakuna senti inayohama. Sarafu ya uwanja huo ni yuro, si shilingi. Ukiweka kiasi, mfumo unajibu kwamba malipo yamefanikiwa, na mteja anayeonyeshwa hivyo mezani huondoka akiamini kazi imekwisha. Kutoka uwanja huo hadi kwenye pesa za kweli kunatakiwa nyaraka za biashara, ukaguzi na idhini. Baada ya hapo yanabaki majaribio ya mambo yasiyotokea uwanjani: mtu amekosea PIN, salio halitoshi, mtandao umekatika kati ya Karuma na Pakwach wakati pesa imeshatoka kwa mteja lakini oda haijaingia dukani. Hilo la mwisho peke yake linaweza kula wiki, na likiachwa nusunusu, siku ya kwanza ya biashara utapigiwa simu na watu waliokatwa pesa bila katoni.

Basi mtengenezaji akikuambia "upande wa malipo tumemaliza", usibishane naye. Mwombe akuonyeshe shilingi 500 zikitoka kwenye simu yako na kuingia kwenye akaunti ya duka.

Jingine ni Play Store. "Wiki ijayo iko Play Store, Hajji." Kwa akaunti binafsi za watengenezaji zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, Google inataka kwanza apu ijaribiwe na watu walioalikwa wasiopungua 12 (mwanzoni walitakiwa 20) kwa siku 14 mfululizo, ndipo mwenye akaunti aombe ruhusa ya kuichapisha kwa umma. Anayetumia akaunti ya namna hiyo na hajakuomba hata namba tano za watu wa kuijaribu, wiki ijayo anayoizungumzia haipo.

Ujumbe wa mtu aliyechelewa lakini anafanya kazi ninaweza kuuandika hapa, na wateja wengi hawajawahi kuupata: "Habari za jioni Hajji. Wiki hii tumemaliza sehemu ya bei na ya oda, kiungo cha kujaribu ni hiki. Malipo bado, nyaraka ulizotuma zimerudishwa kwa sababu jina la biashara halilingani na la kwenye namba ya mlipakodi (TIN), tunaomba utume upya. Tumechelewa siku nane kwenye ratiba." Ni sentensi chache tu, hazihitaji digrii wala ofisi Ntinda. Kinachozizuia ni kwamba ili uziandike lazima kazi iwe imefanyika wiki hiyo.

Nyaraka zisizolingana nimezitaja makusudi, maana wateja nasi tuna yetu. Mtu anaingia ofisini na kusema anataka "kitu kama SafeBoda", ile apu ya kuita bodaboda, kwa bei ya pikipiki mbili. SafeBoda ilianza Kampala mwaka 2014, ikajengwa kwa miaka na timu nzima na pesa za wawekezaji; si kitu cha vijana wawili na miezi mitatu. Kuna pia ugonjwa wa kuongeza kwa sauti: saa tano usiku mteja amepata wazo, anashika kitufe cha maikrofoni cha WhatsApp na kuzungumza dakika nne, na asubuhi anachukulia kwamba limeshaingia kwenye mkataba.

Kwa Hajji nyongeza ilikuwa Kiswahili. Apu iliagizwa kwa Kiingereza, kisha baada ya miezi akakumbuka kwamba wanunuzi wake wa Arua wanaovuka kutoka Kongo, na madereva wa Malaba, wanasoma Kiswahili. Wazo ni zuri, na lingefaa kuwa la kwanza katika nchi ambayo baraza lake la mawaziri Julai 2022 liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Lakini yeye alilieleza kama "kubadilisha maneno tu". Apu isiyojengwa tangu mwanzo kubeba lugha mbili ina maneno yaliyopandwa ndani ya kila ukurasa, kila ujumbe wa kosa, kila risiti. Kuyang'oa yote ni kazi ya wiki. Kijana alipaswa kusema hivyo na kutaja bei yake. Alijibu "hakuna shida", kwa sababu mtu anayekwepa mazungumzo hataki kufungua jingine.

Sheria inasemaje? Inasema zaidi ya wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wowote unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ni chochote kinachozidi 500,000, na maandishi ya kielektroniki yanakubalika. Mazungumzo yenu ya WhatsApp yanaweza kusimama kama mkataba. Yafungue basi uyasome kama atakavyoyasoma hakimu: yanasema nini kitatengenezwa, kufikia lini? Mengi yanasema "sawa bosi" na kutuma picha ya risiti.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 nayo iko upande wa mteja kuliko anavyojua: kazi iliyotengenezwa kwa kuagizwa, haki zake ni za aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo tazama kama ule ukurasa mmoja uliosaini bila kusoma unasema vinginevyo. Hata hivyo haki ya kwenye karatasi haikuletei msimbo uliomo kwenye kompyuta ya mtu. Na kuna hatari wateja wasiyoifikiria kabisa. Apu ikishaanza kukusanya majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya taifa (NIN) za wanunuzi wako, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakutazama wewe mwenye biashara. Kijana akitoweka na seva yenye data hizo, wa kujieleza ni wewe.

Turudi kwenye pesa, kwani ndiko kwenye dawa. Wapo wanaosema suluhisho ni kutolipa chochote hadi apu ikamilike. Mkono mtupu haulambwi. Kampuni ndogo isiyolipwa itaishi kwa wateja wengine vilevile, na wewe utakuwa wa mwisho kwenye foleni tangu siku ya kwanza. Ninachokipendekeza kinachosha kidogo: igawe kazi katika vipande vya wiki mbili, kila kimoja kiwe kitu unachoweza kukibonyeza kwenye simu yako mwenyewe, na kila kimoja kiwe na bei yake. Milioni 12 zikawa malipo sita ya milioni mbili. Bei za siku zinaonekana na zinabadilika duka likizibadilisha: lipa. Oda inaingia na duka linapata taarifa: lipa. Hapo mshahara wa vijana wa wiki mbili zijazo unatoka kwenye kazi yako, si kwenye milioni 5 za mtu wa SACCO. Mwenye kampuni anakuwa na sababu ya kukupigia yeye, kwa kuwa bila kukuonyesha kitu halipwi. Na ukigundua kwamba mtu hafai, umepoteza milioni mbili au nne, badala ya sita na miezi saba.

La pili ni nani anashika vitu. Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa kabla ya Idi akaanza kukuzungusha, unaingia, unakichukua kitambaa chako hata kama kimeshakatwa, unampelekea wa duka la jirani. Kwenye apu hakuna cha kuchukua kama hukukiweka mapema. Akaunti ya Play Store ifunguliwe kwa jina la biashara yako. Ada ni dola 25, mara moja tu. Ya Apple ni dola 99 kwa mwaka, na kama wateja wako wote wana Android, achana nayo kwanza. Jina la tovuti lisajiliwe kwako. Seva ilipwe na kadi yako. Msimbo wote uwekwe kila wiki mahali ambapo wewe ndiye mwenye akaunti na yeye ndiye mgeni, na usikubali ahadi ya kukabidhiwa flashi siku ya mwisho.

Watengenezaji hulipinga hili, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema mteja akishashika msimbo atawakimbia na deni, apeleke kazi kwa binamu yake amalizie kwa laki tano. Hutokea. Lakini malipo ya wiki mbili yanamlinda mtengenezaji pia: deni haliwezi kuzidi kipande kimoja. Anayelikataa hata hivyo, akasisitiza nusu mwanzoni na kila kitu kwa jina lake, anakuambia wazi jinsi anavyopanga kuishi miezi mitatu ijayo.

Kwa aliyekwama tayari, kama Hajji, hayo yamepitwa na wakati, ila bado kuna la kufanya. Aache kuuliza "lini". Swali hilo lina jibu lililoandaliwa siku nyingi. Aandike ujumbe mmoja, bila matusi, aombe vitu vitatu kufikia Ijumaa: msimbo ulivyo sasa hata kama haufanyi kazi, nywila za kila akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya apu, na orodha ya kilichobaki. Asiongeze kipengele chochote. Asitoe hata shilingi ya "kuharakisha". Aseme pia kwamba yuko tayari kulipa kwa vipande kazi iliyobaki. Wengine huitika kwa hilo, kwa kuwa limempa mwenye kampuni njia ya kurudi bila aibu na pesa ya kuwalipa vijana wake.

Akipata msimbo, ampelekee mtengenezaji mwingine autazame kwa malipo kabla ya kumpa kazi. Asishangae akiambiwa "bora tuanze upya". Mara nyingine ni kweli. Mara nyingine ni mtu anayetaka milioni 12 nyingine, kwa hiyo atafute wa pili wa kumuuliza, ambaye hataifanya kazi hiyo.

Asipopata kitu kufikia Ijumaa, barua ya madai kutoka kwa wakili ifuate. Utaratibu wa madai madogo ulioanzishwa mwaka 2011 uliwekewa kikomo cha shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili mahakamani. Milioni 6 za Hajji zinaingia humo, mradi adai pesa aliyotoa irudishwe, na si apu imaliziwe, kwa kuwa hakimu hana namna ya kumkalisha kijana kwenye kompyuta. Aende na risiti za MoMo (pesa kwa simu ya MTN), na mazungumzo ya WhatsApp yakiwa yamechapishwa yote tangu siku ya kwanza, pamoja na zile sauti za saa tano usiku.